Bukta ya Baiskeli Huchaguliwa Ukiwa Umeinama

Karibu kila dada mpya anayejiunga na sisi tunaoendesha baiskeli Jumamosi alfajiri kutokea Mwenge, Dar es Salaam, huishia kunivuta pembeni na kuniuliza jambo lilelile kwa sauti ya chini: "Dada, hivi wewe huumii?" Hataji anapoumia, na hana haja ya kutaja. Wanaume wengi hata hawaulizi. Utawaona wakishuka pale Bunju kunywa supu, wanatembea wamepanua miguu, halafu Jumamosi inayofuata hawatokei. Nimeona watu wenye pumzi na wenye nia, waliohangaika kwa miezi kupata baiskeli nzuri ya mtumba, wakiacha mchezo huu kwa maumivu ya makalio ambayo yangepungua sana kwa kubadilisha nguo tu. Linanisikitisha kwa dhati, kwa hiyo nitalisema bila kuzunguka na nitavitaja viungo kwa majina yake.

Ukigusia habari ya bukta maalumu ya baiskeli, ile yenye sponji iliyoshonewa ndani, kuna watakaokuambia kuwa hayo ni mambo ya wazungu. Watakuonyesha wanaoleta mkaa mjini kutoka upande wa Kisarawe, magunia yamepangwa nyuma, mwilini suruali ya kitambaa au pensi iliyochakaa, na hakuna anayelalamika. Ni kweli, ila inafaa tuelewe sababu. Phoenix, ile baiskeli nzito wanayoendesha, ina siti pana ya ngozi iliyokaa juu ya springi, na usukani wake uko juu. Mwendeshaji anakaa wima, uzito wake unashukia kwenye mifupa miwili ya makalio, ile unayoigusa ukikaa kwenye benchi la mbao na kuingiza viganja chini yako. Akifika mlimani anashuka na kusukuma, kwa hiyo mwili unapumzika. Halafu ziangalie siti zao kwa karibu wanapopumzika kivulini. Nyingi zimewekewa kipande cha godoro, juu yake gunia, na juu ya gunia wamezungushia tyubu iliyokatwa vipande virefu wakaikaza barabara. Na wao wanaumia. Wameamua tu kuweka sponji kwenye siti badala ya kuiweka kwenye nguo.

Baiskeli tunazonunua sisi kwa ajili ya mazoezi ni habari nyingine. Siti ni nyembamba na ngumu, usukani uko chini, mgongo umeinama. Ukiinama hivyo nyonga inazunguka kwenda mbele, na sehemu ya uzito inaondoka kwenye ile mifupa na kuhamia kwenye nyama laini za mbele. Hapo ndipo mishono ya nguo, jasho na siti vinakutana na ngozi nyororo sana, na miguu inapanda na kushuka maelfu ya mara kwa saa. Suruali ya jinzi ina mshono mnene unaopita katikati kabisa ya mapaja. Nusu saa tu na jinzi kwenye siti ya namna hiyo inatosha kukupa mchubuko wa kukuudhi wiki nzima.

Kwa anayetoka Sinza kwenda dukani na kurudi, hakuna haja ya kununua kitu. Vaa nguo laini isiyo na mshono mkubwa, basi. Ninayoyasema hapa ni ya mtu anayetaka kukaa kwenye siti zaidi ya saa moja, na labda siku moja kufika Bagamoyo, kilomita 70 hivi kutoka katikati ya Dar.

Kabla ya bukta, angalia siti. Nalisema hili mapema kwa sababu nimeona watu wakirundika sponji juu ya tatizo ambalo sponji haiwezi kuliondoa. Chukua kipande cha boksi, lile gumu lenye mawimbi ndani, kiweke juu ya stuli ya mbao. Kalia ukiwa na nguo nyepesi, nyanyua visigino kidogo, inama mbele namna unavyoinama ukiendesha, utulie hapo kwa dakika moja. Ukiinuka, pitisha kidole juu ya boksi: utaona vibonde viwili ambapo mifupa ilikandamiza. Pima kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine. Kwa watu wengi ni kati ya sentimita 10 na 15, na kwa wanawake mara nyingi nafasi hiyo ni pana zaidi, lakini usikisie kwa kuangalia ukubwa wa makalio kwa sababu mifupa haifuati unene. Siti inayokufaa ni ile inayozidi kipimo hicho kwa sentimita mbili tatu, ili mifupa yote miwili ipate mahali pa kukaa. Siti ikiwa nyembamba kuliko mifupa yako, hakuna bukta ya bei yoyote itakayokuokoa.

Urefu wa siti nao unahusika. Ikiwa juu mno, kiuno kinayumba kushoto na kulia kila unapokanyaga, na kuyumba huko ndiko kunakochubua. Fundi mmoja wa baiskeli pale Mwananyamala, mtu mzima tunayemwita mzee kwa heshima, alinionyesha njia anayoitumia bila kifaa chochote: kaa kwenye siti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kukaza na bila kiuno kuinama upande. Ukirudisha nyayo mahali pake, goti linabaki na mkunjo mdogo. Inafanya kazi.

Tena tofautisha maumivu na ganzi. Mifupa kuuma mwanzoni ni kawaida. Mwili haujazoea, na kwa wengi hupungua baada ya wiki chache za kuendesha mara kwa mara. Ngozi kuwaka moto ni msuguano, na hiyo ni kazi ya bukta. Lakini ukihisi ganzi kule mbele, au sehemu inakufa kabisa usiisikie, huo ni mshipa wa fahamu na mishipa ya damu inayobanwa. Simama kwenye pedeli, shuka, pumzika. Halafu rekebisha siti: labda pua yake imeelekea juu, labda usukani uko mbali mno. Usizoee ganzi, na usimsikilize anayekuambia kuwa ndivyo mchezo ulivyo. Ikiendelea baada ya kurekebisha, nenda hospitali.

Sasa bukta yenyewe. Tunapoishika mara ya kwanza macho yanakwenda kwenye sponji, na wauzaji wanalijua hilo. Nilipokuwa natafuta yangu Kariakoo, Mtaa wa Congo, kijana aliikunja moja mbele yangu akaibonyeza kwa kidole gumba. "Dada, angalia unene huu. Hii ukikalia hutasikia kitu." Ilikuwa nene kweli, na laini, na kidole kilizama mpaka kikagusa kidole cha upande wa pili. Nikamwuliza kama ana nyingine isiyobonyea hivyo. Alinishangaa kidogo, akainama chini ya meza na kutoa moja nyembamba, sponji yake imekaza. Hiyo ndiyo niliyoinunua.

Sababu ni hii. Sponji laini sana inakubali kila kitu: mifupa inazama ndani yake mpaka inafika kwenye siti ngumu, na wakati huohuo ile sponji iliyobaki katikati inapanda juu na kukandamiza nyama laini, kule ambako hatukutaka uzito ufike. Ni kama kulala kwenye godoro lililobonyea katikati. Unalifurahia ukijilaza, unalijutia asubuhi. Sponji nzuri hukaza chini ya mifupa na kupungua unene kuelekea kingoni, mpaka ukingo wake unakutana na kitambaa bila kufanya ngazi. Pitisha kidole pembezoni mwake. Ukihisi ukuta, ukuta huo utasugua paja lako kila mguu unapopanda.

Zamani waendeshaji wa Ulaya walivaa bukta za sufu zilizoshonewa ndani kipande cha ngozi ya mnyama wa milimani wa jamii ya mbuzi. Ngozi ile haikuwekwa kwa ajili ya ulaini. Iliwekwa kuziba mishono na kupunguza msuguano, nayo ikikauka baada ya kufuliwa ilikakamaa, ndiyo maana walikuwa wakiipaka mafuta kabla ya kuvaa. Mwaka 1958 mwanakemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont huko Marekani alifanikiwa kutengeneza uzi unaovutika na kurudi, ambao leo tunaujua kwa jina la Lycra, na baadaye uzi huo ukaingia kwenye nguo za michezo na kuisukuma nje sufu. Ngozi nayo ikapisha vitambaa vya viwandani na sponji. Lakini kazi ya kwanza ya kile kipande haijabadilika: kulinda ngozi yako isisuguliwe. Ulaini unakuja baadaye. Ukilishika hili, kuchagua kunakuwa rahisi sana.

Ndiyo sababu bukta ya baiskeli haivaliwi na chupi wala boksa. Najua wengi hapa wanasita, hasa sisi tuliolelewa tukiambiwa kutovaa nguo ya ndani ni aibu. Bukta hii ndiyo nguo ya ndani. Kile kitambaa cha juu ya sponji kimetengenezwa kigusane na ngozi, kinyonye jasho na kulitoa nje, bila mshono wowote katikati. Ukivaa chupi ya pamba chini yake, umerudisha mishono uliyoilipia iondoke, tena pamba ikilowa jasho la Dar haikauki. Inajikunja, inaganda, inachuna. Nimewashauri watu wengi wavue chupi tu kwa safari moja kisha wanipe jibu, na hakuna aliyerudi kuivaa.

Kuhusu saizi, jambo la kwanza ninalomwambia mtu ni kwamba asijiangalie akiwa amesimama mbele ya kioo. Bukta nzuri ukisimama inakera kidogo. Mbele inavuta, nyuma sponji inaning'inia, unahisi umebeba kitu katikati ya miguu. Haikukatwa kwa ajili ya kusimama. Dukani niliomba nafasi, nikaweka mikono juu ya kaunta, nikainamisha mgongo, nikanyanyua goti moja kisha la pili taratibu namna ya kukanyaga pedeli. Pale ndipo nguo inasema ukweli. Kiuno kilibaki mahali pake au kiliteremka nyuma? Sponji imelala bapa au imejikunja mkunjo katikati? Mkunjo mdogo unaousikia dukani utausikia mara mia ukifika Mapinga. Mguu wa bukta umepanda juu ya paja au umetulia? Ibane mwili wote bila kukata damu. Bukta iliyolegea ni mbaya kuliko inayobana kidogo, kwa sababu kitambaa kilicholegea kinatembea, na kinachotembea kinachubua. Kumbuka pia kuwa nyingi zinazofika Kariakoo zinatoka China na vipimo vyao ni vidogo. Anayevaa M kwa kawaida ajaribu L, wala asione vibaya herufi iliyoandikwa.

Mguu wa bukta uwe mrefu wa kutosha kufunika pale mapaja yanapogusana na pua ya siti. Chini, angalia kinachoushikilia. Zipo zenye ukanda mwembamba wa vidoti vya mpira kwa ndani, na kwa joto letu la kaskazi ukanda ule unaweza kukuachia vipele. Mimi napenda zenye ukanda mpana wa kitambaa kinachovutika, upana wa vidole vinne hivi. Unashika vizuri na ngozi inapumua. Rangi ni nyeusi. Za kijivu na za rangi nyepesi zikilowa zinaonyesha kila kitu, na anayekufuata nyuma hatakuambia.

Wanawake, tafuteni iliyokatwa kwa ajili ya mwanamke, hata kama muuzaji anaapa kwamba zote ni sawa. Sponji ya mwanamke ni pana zaidi upande wa nyuma na fupi mbele. Ya mwanaume huwa ndefu mbele, mara nyingi na mfereji au nafasi ya kuweka maumbile yake, na sisi mfereji ule unatuletea kingo mahali pasipotakiwa. Ukikosa kabisa ya kike, chukua ya kiume iliyo bapa, isiyo na mshono katikati. Na siku za hedhi, pedi ya kawaida haikai vizuri juu ya sponji, inatembea na kingo zake zinasugua. Wenzangu wengi siku hizo hutumia kikombe cha hedhi au tamponi, wengine wanapumzika tu nyumbani, na yote ni sawa.

Kuna bukta za kiunoni na kuna zile zenye mikanda inayopita mabegani. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kabisa kwa bara la Afrika, tuliokuwa tukifuatilia tuliwaona wanaume kwa wanawake wakipanda mlima wa Kimihurura wenye barabara ya mawe wamevaa zenye mikanda. Ina faida ya kweli: hakuna lastiki inayokata tumbo ukiinama, na sponji haihami mahali pake. Lakini mwanamke anayeendesha kwenda Bagamoyo ajiulize atajisaidia wapi na vipi. Yenye mikanda inakudai uvue na fulana ya juu, kwenye choo cha kituo cha mafuta, sakafu imelowa na hakuna pa kutundika nguo. Kwa anayeanza nashauri ya kiunoni, mkanda wake uwe mpana na upande juu mpaka kitovuni. Mikanda itakuja baadaye ukiamua.

Halafu suala la stara, ambalo kwetu haliwezi kurukwa. Mimi ni mwanamke wa Kiislamu, shangazi yangu anakaa Bagamoyo mjini, na siwezi kufika kwake kumwamkia shikamoo nimevaa bukta ya kubana peke yake. Naheshimu hilo na sioni kama ni mzigo. Bukta naivaa ndani, juu yake navaa pensi pana ya kitambaa chepesi kisichonyonya maji, inayofika chini ya magoti, na kuanzia pale bukta inapoishia navaa taiti nyembamba ikibidi kufunika miguu, ila kwa juu taiti hiyo iishie mapajani, isipite kati ya ngozi na sponji. Mwenzetu mmoja huvaa sketi fupi ya michezo juu ya suruali ya kubana yenye sponji, na hijabu yake ameifunga ndani ya kola. Angalieni tu kwamba nguo ya juu iwe na mshono bapa na isiwe ndefu ya kuningʼinia. Dera kwenye baiskeli ni hatari. Likiingia kwenye cheni au spoku linakuangusha barabarani, na Barabara ya Bagamoyo ina malori. Pensi ya juu ikiwa laini hutaisikia kabisa, kwa sababu inakaa juu ya siti, sponji ndiyo inakaa juu yako.

Mitumba je? Jezi za baiskeli nanunua soko la Karume bila wasiwasi, zipo nzuri mno. Bukta ni tofauti. Inavaliwa kwenye ngozi tupu, na hapa nchini nguo za ndani za mitumba zilipigwa marufuku kwa sababu za afya; kwangu bukta iko kundi hilo. Zaidi ya afya, sponji iliyokaliwa miaka na mtu mwingine imekwisha kufa. Ukiikuta yenye lebo ya dukani bado inaning'inia, nayo hutokea, ichunguze. Bonyeza sponji kwa kidole gumba kisha achia: irudi juu papo hapo. Vuta kitambaa cha makalio kwa mikono miwili kuelekea jua. Ukiona viuzi vyeupe vimechomoza na mwanga unapita, ule uzi wa kuvutika umeshakatika na nguo haitakaa mwaka. Angalia mshono unaoshikilia sponji mzunguko mzima, kwani hapo ndipo huanza kuachia.

Nilitaka pia kujua kama fundi wa mtaani anaweza kutushonea, kwa kuwa si kila mtu ana fedha ya bukta ya kununua. Nilimpelekea jirani yangu, fundi cherehani wa kike hodari, taiti nene ya mazoezi na sponji ya bukta inayouzwa peke yake. Aliigeuza ndani nje, akaipitishia vidole mishono yote kabla hajasema neno.

"Mwanangu, hii overloki iliyopita katikati ndiyo itakayokuumiza," akaniambia. "Nitaifumua niilaze bapa. Na hii sponji siwezi kuishona kwa mshono wa kawaida, ukivuta uzi utakatika wote. Lazima nipige zigizaga."

Akapiga zigizaga mzunguko mzima, akiivuta taiti kidogo kidogo huku anashona ili kitambaa na sponji vivutike pamoja. Kabla hajaanza alinitaka niivae, niiname, naye akaweka alama ya chaki pale mifupa ilipo, kwa hiyo sponji ikakaa mahali penyewe. Ilinifaa vizuri kwa safari za Tegeta na Boko. Kwa Bagamoyo nilipendelea ya dukani, kwa kuwa kitambaa cha taiti kilishika jasho zaidi, lakini kwa anayeanza na hana uwezo naipendekeza kwa moyo mkunjufu. Mafuniko ya jeli ya kuvalisha siti, hapana. Yanahama kila ukikata kona.

Kwa safari ndefu napaka mafuta kidogo kabla ya kuvaa, mahali ngozi inaposuguana: kwenye mikunjo ya mapaja na pale makalio yanapokutana na siti. Yapo mafuta maalumu ya waendesha baiskeli. Mafuta ya mgando nayo yanazuia msuguano, ila hayatoki kirahisi kwenye sponji wakati wa kufua na yakibaki yanaziba kitambaa, kwa hiyo yapake mwilini, usiyapake kwenye bukta, na yawe kidogo. Yasiyo na manukato makali ni salama zaidi. Sehemu hizo hazipendi marashi.

Jambo linaloharibu ngozi za wengi, kwa jinsi nilivyoona, linatokea baada ya kushuka kwenye baiskeli. Tunafika, tunakaa kwenye benchi, supu na chapati vinaletwa, hadithi zinanoga, na saa nzima inapita mtu amekalia sponji iliyolowa jasho. Bakteria na fangasi hawahitaji zaidi ya hapo. Kipele kidogo kwenye mzizi wa unywele kinageuka jipu, na jipu mahali hapo linakuweka kando ya baiskeli kwa muda mrefu. Beba nguo ya kubadilisha. Vua bukta kabla ya kuagiza chakula, jifute kwa kitambaa chenye maji safi, vaa kitu kikavu chenye kupitisha hewa. Kikitoka kipele, usikiminye na usiendeshe juu yake. Kikivimba, kikiuma sana au ukipata homa, nenda ukaonwe na daktari bila kuona haya.

Kufua ni siku ileile, kwa mkono, maji ya kawaida au vuguvugu na sabuni isiyo kali. Geuza ndani nje ili sponji ipate maji, ikamue kwa kuibana katikati ya viganja. Usiisokote, kusokota kunavunja sponji. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo wala ya kulainisha, na pasi isiikaribie. Anika kivulini penye upepo, sponji ikitazama nje. Jua la mchana linakausha haraka lakini linaua uzi wa kuvutika. Wakati wa masika inaweza kukaa kambani siku mbili na bado katikati ikawa na unyevu. Ibane kwa vidole kabla ya kuivaa, na ukihisi ubaridi iache.

Hata ukiwa na bukta bora, usikae muda wote. Barabara zetu zimejaa matuta, na kwa hili ni baraka: kila tuta, inuka kwenye siti, simama kwenye pedeli, magoti yakunjwe kidogo, damu ipite. Pasipo na matuta, mimi huinuka kwa sekunde kadhaa kila baada ya dakika kumi hivi. Wale dada wanaoniuliza kama siumii huwa nawaambia wakae nyuma yangu wahesabu ninavyoinuka.

Na wakiniuliza waanze kununua nini, kwa kuwa fedha ni chache na vitu ni vingi, helmeti inakuja mwanzo. Bukta inafuata, kabla ya viatu, kabla ya miwani, kabla ya jezi yenye rangi nzuri. Iwe moja iliyokaza sponji, iliyokukaa ukiwa umeinama. Ya pili inunuliwe siku utakayoanza kuendesha siku mbili mfululizo, ili usilazimike kuvaa ambayo haijakauka.